Binti mchezaji anapokosa hedhi, usikimbilie kumtuhumu

Mama mmoja alikuja kliniki kwangu hapa Tabora amemshika binti yake mkono kama anayempeleka kituo cha polisi. Binti ana miaka 16, mrefu, mwembamba, amejitanda khanga juu ya fulana ya michezo. Alisema "Shikamoo dokta" kwa sauti ndogo, kisha akanyamaza. Aliyezungumza ni mama. Mwanawe hajaona siku zake kwa miezi mitano. Amempima mimba nyumbani mara tatu kwa vipimo vya duka la dawa na vyote vimesema hana, lakini baba mtu haamini vipimo. Amezichukua daluga za binti akazifungia sandukuni, na ameapa kwamba shule ikifunguliwa hatoki mtu nyumbani mpaka ajulikane aliyemharibu.

"Daktari, niambie ukweli," aliniomba. "Kama ni mimba, sema. Kama si mimba, basi ni nini?"

Haikuwa mimba. Binti yule ni beki wa timu ya soka ya shule, anafanya mazoezi siku sita kwa wiki, na alikuwa hali chakula cha kutosha. Mwili wake ulikuwa umefunga hesabu na kuzima kile ulichoona kinaweza kusubiri. Kwa ruhusa yao wote wawili nakusimulia habari hii, ila nimebadilisha mambo machache ili wasitambulike.

Nilimwelewa upesi kwa sababu na mimi niliwahi kuwa binti wa namna hiyo. Nilisomea udaktari Nairobi, na huko ndiko nilikoshika gongo kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimekulia Tabora, ambako msichana mwenye miguu mepesi alipelekwa kwenye netiboli, na mpira wa magongo nilikuwa nausikia kwenye redio tu. Nikajiunga na timu ya wanafunzi. Sikuwa mchezaji wa maana, nakiri, lakini nilikuwa na mbio.

Kenya wana ligi kuu ya wanawake ya mpira wa magongo, na jumapili zetu nyingi tulizimalizia uwanja wa City Park, tukitazama wakubwa wakicheza. Ukiwa mwanafunzi pale, timu iliyokutoa udenda ni Telkom. Walichukua ubingwa wa Kenya mwaka baada ya mwaka, wakaenda kuchukua na ubingwa wa klabu za Afrika, tena si mara moja. Baadaye kampuni iliyowadhamini ilijitoa, na wachezaji wakaendelea kwa jina la Blazers. Leo ukisikia habari za ligi hiyo utasikia pia Strathmore Scorpions, USIU-A Spartans, Lakers wa Kisumu, Amira Sailors na Sliders. Wengi wa wachezaji hao ni wanafunzi au waajiriwa, wanaofanya mazoezi baada ya darasa au baada ya kazi. Ni kina dada wa kawaida wenye daladala za kuwahi, na hilo ndilo lililonifanya niamini kwamba nami naweza.

Nikawaiga. Nilichoiga ni mbio, maana mbio ndizo zilizoonekana kutoka jukwaani. Nikaamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia, jioni mazoezi, usiku kitabu. Chakula cha usiku nikakiacha kwa sababu nilitaka kuwa mwepesi, na kusema kweli hata hela haikutosha. Hedhi yangu ikakatika. Nilifurahi! Nikaona nimeokoa pesa ya pedi na maumivu ya tumbo kila mwezi. Ilipofika mwezi wa nane, ugoko wa kushoto ukaanza kuuma mahali pamoja, padogo, unaweza kupafunika kwa kidole. Picha ya eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu. Ya pili, wiki tatu baadaye, ikaonyesha mstari mwembamba: mfupa ulikuwa umepata ufa. Nikaambiwa nipumzike. Katika hospitali ile hakuna aliyeniuliza kuhusu hedhi, na mimi, mwanafunzi wa udaktari, sikusema.

Sasa nikueleze kinachotokea, na kwa sababu tuko Tabora nitatumia mfano wa hapa.

Karne ya 19, njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 hivi, pembe kwenda pwani, vitambaa na shanga kurudi bara. Wanawake nao walikuwemo, wakibeba vyungu, mikeka na watoto. Kila mtu katika msafara alijua neno moja kuliko yote: posho. Posho ya kawaida ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, yaani karibu gramu 700. Mkuu wa msafara aliyepunguza posho bila kupunguza mwendo aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na wapagazi hawapo.

Mwili wa binti yako una wapagazi wake pia. Kuna wanaobeba moyo, wanaobeba ubongo, wanaojenga mifupa, wanaotengeneza damu, wanaoendesha uzazi. Mazoezi yanachukua posho yake kwanza, hayasubiri. Kinachobaki ndicho wanachogawana wengine. Kikiwa kidogo, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, ambayo ndiyo mkuu wa msafara, inaamua nani apunguziwe. Moyo hauwezi kusimamishwa. Uzazi unaweza. Ubongo unapunguza ishara zinazoamsha ovari, ovari zinapunguza homoni ya estrojeni, na hedhi inakoma.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua binti wa kilo 50. Ukiondoa mafuta, mwili wake unabaki na kilo 40 hivi za misuli, mifupa na viungo. Wataalamu wa lishe ya michezo wanasema kila kilo kati ya hizo inahitaji takriban kalori 45 kwa siku baada ya kutoa zile zilizochomwa mazoezini. Hiyo ni kalori 1,800. Inaposhuka chini ya 30 kwa kilo, yaani 1,200 kwa binti huyu, na hali ikaendelea hivyo, matatizo huanza. Saa mbili za mazoezi makali zinaweza kuchoma kalori 600. Kwa hiyo anatakiwa ale kama kalori 2,400 kila siku ya mazoezi. Kibaba cha mpagazi, ukikipima, kinatoa karibu kiasi hichohicho.

Nilimwomba binti yule aniorodheshee alichokula jana yake. Uji kikombe saa nne asubuhi. Ugali na maharage saa nane mchana. Mazoezi saa kumi jioni. Usiku, vijiko vichache vya ugali na mlenda, kingine akamwachia mdogo wake. Kwa makadirio yangu ilikuwa kalori 1,300. Toa 600 za mazoezi. Mwili mzima uliachiwa 700. Nilipomuuliza kwa nini anaacha chakula cha usiku, alimtazama mama yake kwanza, ndipo akasema kuna mtu aliwaambia kambini kwamba beki mnene hapati namba. Mama alikuwa akidhani mwanawe ana huruma kwa mdogo wake.

Si jambo jipya kitabibu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa michezo walikuwa wakizungumzia mambo matatu yanayotembea pamoja kwa wanamichezo wa kike: kula pungufu, kukosa hedhi na mifupa kudhoofika. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikalipanua jambo hilo na kulieleza kama upungufu wa nguvu kwa wanamichezo, kwa sababu ilionekana kwamba hauishii kwenye hedhi. Unagusa pia kinga ya mwili, damu, moyo, usingizi, hata hasira za ovyo. Na wavulana wanaupata, ila wao hawana hedhi ya kuwapigia kengele. Kwa maana hiyo binti ana bahati: mwili wake unasema mapema. Shida ni kwamba sisi wazazi tunausikia vibaya.

Kengele hiyo haitakiwi kunyamazishwa kwa sababu ya mifupa. Sehemu kubwa ya mifupa atakayotumia maisha yake yote, karibu asilimia 90, binti anaiweka akiba kabla ya kufikisha miaka 18 hadi 20. Estrojeni ndiyo inayolinda akiba hiyo. Binti anayekosa hedhi kwa mwaka mzima akiwa na miaka 16 anaacha kuweka akiba wakati benki iko wazi, na baadaye ni vigumu sana kuirudisha yote. Ufa wa ugoko kama wangu ni hasara ya karibuni. Nyingine inakuja akiwa bibi, siku atakapoteleza bafuni.

Nimesikia wazazi wengi wakisema mpira humharibia msichana kizazi. Hapana. Mazoezi yenyewe hayaharibu kizazi, si soka, si netiboli, si magongo. Wachezaji wengi wa ligi kuu wanaona siku zao kama kawaida na wanazaa wakipenda. Hedhi inazimwa na pengo kati ya kazi na chakula, na pengo likizibwa hurudi. Huwa hairudi kesho yake. Inaweza kuchukua miezi kadhaa, wakati mwingine zaidi ya nusu mwaka, na ndiyo maana familia nyingi zinakata tamaa katikati na kukimbilia mitishamba.

Hapo kwenye tiba nina maneno mawili makali. La kwanza ni vidonge vya uzazi wa mpango. Wapo wanaopewa "ili hedhi irudi". Damu itatoka, kweli, lakini ni damu ya vidonge. Ubongo bado umezima, mifupa bado haijapona, na sasa kengele imefungwa kitambaa. Vidonge hivyo vina kazi zake halali, na hii si mojawapo. La pili ni dawa za kienyeji za "kusafisha". Sitazitaja kwa majina, wengine mtazitafuta. Nimeona mabinti wakitapika na kuharisha siku tatu kwa dawa hizo, yaani njaa juu ya njaa.

Je, tusipime mimba? Tupime. Ndicho kipimo cha kwanza nilichofanya hata kwa binti huyu, nilipokaa naye peke yake, mlango umefungwa, mama nje kwenye benchi. Nilimweleza kwa nini, nikamuuliza kama amewahi kuguswa na mtu bila kutaka, nikamwachia nafasi ya kujibu. Kipimo kikifanywa hivyo ni matibabu. Kikifanywa mbele ya baba mwenye fimbo ni hukumu. Na ujue kwamba kukosa hedhi hakumkingi binti na mimba, kwa sababu yai linaweza kutoka kabla ya damu ya kwanza kurudi.

Baada ya mimba tunaangalia mengine: wingi wa damu, tezi ya shingo, homoni ya maziwa, dalili za vivimbe vidogo vingi kwenye ovari, kifua kikuu, sindano za uzazi wa mpango ambazo huenda mzazi hazijui. Wakati mwingine tunahitaji picha ya ultrasaundi. Mkoa huu una malaria na minyoo, kwa hiyo binti anaweza kuwa na damu pungufu kwa sababu zaidi ya moja, na mchezaji mwenye damu pungufu anachoka haraka, kocha anamwita mvivu, anaongeza mazoezi. Upungufu wa nguvu tunautaja baada ya kuyaondoa hayo mengine. Kwa hiyo usisome makala hii ukamtibu mwanao nyumbani.

Mlete kama amefikisha miaka 15 na hajawahi kuvunja ungo. Mlete kama alikuwa akiona na sasa imepita miezi mitatu bila kuona. Miaka miwili au mitatu ya mwanzo mzunguko huyumba, unaweza kufika siku 45, hilo peke yake lisikutishe. Mlete kama ana maumivu ya ugoko au unyayo yaliyo mahali pamoja, yanayozidi akikimbia na sasa yanamfuata hadi kitandani. Kama maumivu yapo kwenye kinena au nyonga, aache kukimbia leo hii, usisubiri wiki iishe, maana ufa wa shingo ya paja ukikamilika ni upasuaji. Na anayezimia mazoezini aje siku hiyohiyo.

Chakula sasa. Watu hutegemea niagize maziwa ya unga ya kopo. Siagizi. Tabora haina njaa ya vyakula vyenye nguvu. Tatizo ni saa za kula. Binti aliyekula saa moja usiku na kunywa uji saa nne asubuhi amekaa saa 15 bila kitu, na kama kati yake alikimbia alfajiri, msafara umetembea bila posho. Kwa hiyo nilimwandikia mama mambo ya kawaida. Asitoke nyumbani bila kula, hata kama ni kiporo. Kwenye begi awe na karanga, konzi moja kubwa ina kalori kama 170, pamoja na michembe au matobolwa, vyakula ambavyo bibi zetu walivikausha kwa sababu vinasafiri vizuri. Uji utiwe karanga za kusaga na asali, na asali ya miombo tunayo, kijiko kikubwa kimoja ni kalori 60. Ndani ya saa moja baada ya mazoezi ale kitu: ndizi, yai la kuchemsha, maziwa mgando. Usiku sahani yake ijae, kuwe na dagaa au maharage na mboga za majani, na machungwa au embe la msimu ili madini ya chuma yasipotee bure. Chai aisogeze mbali na mlo kidogo, kwa sababu inazuia chuma kuingia mwilini.

Mwezi wa Ramadhani binti anayefunga anaweza kucheza, ila mazoezi yapunguzwe makali yake na yasogezwe karibu na kufuturu, na daku isiwe chai na mkate. Hilo ni la kukubaliana na kocha kabla ya mwezi kuandama.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya Ulaya. Watazame kinachotokea nchini. Mwaka 2022 wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia kule India. Mwaka huohuo Simba Queens walicheza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika nchini Morocco. Twiga Stars nao wameshacheza fainali za Afrika. Ligi Kuu ya Wanawake ina JKT Queens, Yanga Princess, Fountain Gate Princess, Ceasiaa Queens ya Iringa, na imewahi kuwa na Kigoma Sisterz, timu iliyotoka kule mwisho wa njia ya misafara na kuvuka nchi nzima kwa barabara ili icheze pwani. Mabinti wa shule wanayaona haya kwenye runinga za vibandani. Wanaiga, kama nilivyoiga mimi Telkom. Mfadhili akiondoka kwenye timu yoyote, jezi hubaki. Kinachopungua kwanza ni kile ambacho hakipigwi picha, nauli na sahani ya usiku.

Ningependa kila kocha wa wasichana, na wengi ni wanaume, awe na mwanamke mmoja kwenye timu mwenye daftari. Mwalimu, nesi, hata mpishi. Kila mchezaji amwambie tarehe yake ya hedhi, basi. Kocha hahitaji kuzisoma tarehe hizo. Anahitaji kuambiwa tu kwamba namba tano apumzike wiki hii na apelekwe hospitali. Ukishindwa hilo, mama afanye nyumbani, alama kwenye kalenda ya ukutani inatosha.

Wanaocheza magongo nina la ziada, kwa kuwa nalipenda gongo: vaa kinga ya meno na kinga za ugoko hata mazoezini. Mpira ule ni mgumu kama jiwe na haujali kama ni mechi ya kirafiki. Jino nililopoteza mimi ni la mazoezini.

Turudi kwa binti yetu. Ugoko wake haukuwa na ufa, nashukuru. Nilimpunguzia mazoezi hadi siku tatu kwa wiki, bila mbio za alfajiri, na nikamwita baba. Alikuja wiki iliyofuata, akakaa pembeni ya kiti kama mtu anayetaka kuondoka. Nikamwonyesha majibu na ile hesabu ya kibaba. Aliisoma mara mbili. Akaniuliza swali moja tu: karanga ziwe mbichi au za kukaanga?

Nikamwambia zozote atakazozipenda binti.

Huu ni mwezi wa nne. Ameongezeka kilo tatu. Hedhi ilitoka mara moja, kidogo, mwezi uliofuata haikuja. Nimewaambia wasiogope. Daluga zimetoka sandukuni, na mechi atakayoruhusiwa kucheza dakika zote 90 tutaizungumzia nikimwona tena baada ya wiki sita.